Mstari wa Penseli: Hotuba kuhusu Atlasi ya Mtumba na Hamu ya Kusafiri

(Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya mkutano wa wasomaji. Waliokosa kufika wameomba yaandikwe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila ramani nilizokuwa nikizionyesha ukutani nimezieleza kwa maneno.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama na kina baba, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma ilhali viti vya mbele viko wazi: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie vitabu na safari. Kitabu nilichokuja nacho hakina hadithi hata moja ndani yake. Ni atlasi kuukuu ya dunia. Jalada limeachana na uti, ukurasa wa mbele wenye jina la mchapishaji na mwaka umechanika wote, na mwenyewe wa kwanza hakuandika jina lake popote. Sikuitafuta. Nilikuwa nasaka kamusi kwenye lundo la vitabu vya mtumba. Kamusi nikaikosa, nikaondoka na hii kwapani, wala sikujua naitakia nini.

Mnajua kitabu kilichotumika sana kinavyokuwa. Ukikiweka mezani hujifungua chenyewe pale kilipozoea mkono. Hii ilijifungua kwenye ramani ya Asia ya Magharibi, na juu ya ramani hiyo kulikuwa na mstari wa penseli.

Nivumilieni niueleze mstari huo polepole. Ni mwembamba, umechorwa kwa penseli iliyochongwa vizuri, bila rula. Unaanzia Istanbul, unavuka mlangobahari, unapita Ankara, Sivas na Erzurum, unateleza chini ya mlima Ararat na kuingia Iran. Unapita Tabriz, Tehran, Mashhad, kisha unavuka mpaka hadi Herat, nchini Afghanistan. Kando ya Erzurum mtu amechora chembe ya theluji, ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Kando ya Tabriz kuna alama ya kuuliza. Juu ya Herat kuna alama ya mkato, imekandamizwa mpaka karatasi imeingia ndani. Ukipitisha kidole unaihisi. Na kuanzia hapo mstari unabadilika. Unakuwa nukta nukta. Nukta hadi Kandahar, nukta hadi Kabul, nukta hadi Peshawar, nukta hadi Lahore, basi.

Alifika?

Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi. Je, mstari mzima ni njia aliyoipita, na nukta ni njia aliyotamani kuipita? Au alichora yote mezani kwake, asitoke hata nje ya mlango? Au aliugua Herat? Au alimpata mchumba Herat? Sijui, na sitajua. Lakini usiku ule nilijikuta nimeinama juu ya meza, napima kwa kidole umbali wa Mashhad hadi Herat, mimi ambaye kwa muda mrefu nilikuwa nimeshaacha hata kuyasikiliza mazungumzo ya safari.

Ndugu zangu, hamu ya kusafiri hufaje?

Tunasema fedha. Tunasema kazi. Tunasema watoto. Ni kweli, sikatai. Asiye na nauli hasafiri, na anayemwambia mtu asiye na kitu kwamba safari ni moyo tu anamdhihaki. Lakini kuna hamu inayokufa hata ndani ya mwenye nauli, na hiyo nimeishuhudia ikifa ndani yangu. Hufa kwa kuwa pana mno. "Nataka kuiona dunia." Dunia ipi? Uanzie wapi? Dunia nzima haina kituo cha basi. Anayetaka kwenda kila mahali, leo haendi popote, kesho haendi popote, na keshokutwa anatuambia amezeeka. Nami nilifika hapo. Nilikuwa naona picha za miji mizuri, picha zinazong'aa, za kila pembe ya dunia, nasema "pazuri", napita. Picha hizo zote hazikunitikisa. Mstari wa penseli wa mtu nisiyemjua ukanitikisa. Kwa nini?

Nitajibu kwa kisa cha msafiri ambaye wengi wenu mnamfahamu, Ibn Battuta. Aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, nia yake ikiwa kuhiji Makka. Njiani akafika Aleksandria, na huko akamtembelea mchamungu mmoja aliyeitwa Burhan al-Din. Yule shehe akamwambia: naona wewe ni mpenda kutembea na kuzunguka nchi za watu. Akajibu, ndiyo. Naye mwenyewe anasimulia kwamba wakati ule hakuwa na wazo lolote la kwenda nchi za mbali kama India au China. Shehe akamwambia hana budi kumtembelea ndugu yake Farid al-Din kule India, na ndugu yake Rukn al-Din kule Sindh, na ndugu yake Burhan al-Din kule China, na akiwafikia awape salamu zake.

Kijana alishangaa. Wazo likamwingia moyoni, wala hakutulia mpaka alipokutana na wote watatu na kuwafikishia salamu. Ndiye huyo aliyekuja kutia nanga Kilwa mwaka 1331 akausifia mji ule kwa uzuri wake. Ndiye huyo aliyetembea karibu miaka 30.

Sasa angalieni alichopewa. Hakupewa nauli. Hakupewa ngamia. Hakupewa hata ramani. Alipewa salamu za kupeleka! Na nani hapa hajui uzito wa salamu? Mtu akikwambia "nisalimie fulani", hutulii mpaka umezifikisha. Hamu yake ilikuwapo tangu mwanzo, shehe aliiona usoni. Ilichokosa ni anwani.

Basi kitu cha safari kilichokwisha kutumika kina jambo ambalo kipya hakina. Kiwe atlasi, kiwe ratiba ya treni, kiwe postikadi iliyoandikwa nyuma, kiwe sanduku lenye vibandiko vya hoteli, kinakutuma. Kilikuwa kwenye shughuli ya mtu, shughuli ikaishia njiani, sasa kimekuangukia wewe. Kitabu kipya cha mwongozo kinakupa miji mia na kukuambia uchague. Kile kikuukuu kinakupa salamu za mahali pamoja.

Haya. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujua mstari huu ni wa lini. Mwaka umechanika, nimeshasema. Vijana, hapa nisikilizeni vizuri, maana mchezo huu ni mtamu kuliko mingi iliyomo kwenye simu zenu. Atlasi isiyo na mwaka ina mwaka wake ndani ya majina.

Tuanze na Afrika. Naitafuta Tanganyika: haipo, imeandikwa Tanzania. Basi ni baada ya 1964. Naitafuta Bechuanaland: haipo, kuna Botswana. Basutoland imekuwa Lesotho. Hizo mbili zilipata uhuru mwaka 1966. Mji mkuu wa Kongo umeshaacha kuitwa Leopoldville, umeandikwa Kinshasa, jina lililorudishwa mwaka huohuo wa 1966. Natazama Uarabuni: Aden imo ndani ya nchi huru ya Yemen ya Kusini, na uhuru huo ulikuja Novemba 1967. Basi nyuma tumepafunga. Atlasi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Sasa tufunge mbele. Kongo bado haijaitwa Zaire, jina ililochukua Oktoba 1971 na kuliacha Mei 1997. Mashariki mwa India pameandikwa Pakistan ya Mashariki. Bangladesh haijazaliwa, nayo ilizaliwa 1971. Kisiwa kilicho kusini mwa India bado ni Ceylon, na kikawa Sri Lanka mwaka 1972. Tumebaki na kipande kidogo, mwisho wa 1967 hadi 1971. Nikadhani hapo ndipo mwisho wa upelelezi, mpaka macho yalipoangukia Swaziland. Imepakwa rangi ileile waliyopakiwa Waingereza na makoloni yao yaliyosalia. Uhuru wa Swaziland ulikuja Septemba 1968!

Kwa hiyo mchoraji wa ramani aliikamilisha kazi yake kati ya Novemba 1967 na Septemba 1968. Siwekei kiapo, kwa sababu wachapishaji wa ramani huchelewa, na wengine huuza chapa ya mwaka juzi kwa jalada la mwaka huu. Lakini ni karibu na hapo.

Mkirudi nyumbani mjaribu na zenu. Ukikuta Volta ya Juu, ni kabla ya Agosti 1984, nchi ilipoitwa Burkina Faso. Ukikuta Umoja wa Kisovieti, ni kabla ya mwisho wa 1991. Ukikuta Sudan moja nzima, ni kabla ya Julai 2011. Na ukikuta Eswatini, jina jipya la Swaziland, hicho kitabu bado ni kipya, kirudishe dukani usubiri kizeeke.

Lakini kuna mtu makini hapo mbele namwona anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema. Mwaka wa karatasi si mwaka wa penseli. Mtu anaweza kununua atlasi leo akaichora baada ya miaka kumi. Sawa kabisa. Ila mstari nao una tarehe zake.

Njia ile, Istanbul hadi Lahore na kuendelea hadi India na Nepal, ilikuwa njia maarufu ya vijana kutoka Ulaya na kwingineko katika miaka ya 1960 na 1970. Walipita kwa mabasi chakavu, kwa kuomba lifti, kwa magari yaliyokuwa yakisukumwa zaidi ya kuendeshwa. Mjini Istanbul, eneo la Sultanahmet, kulikuwa na mgahawa uliofunguliwa mwaka 1957 wenye ubao wa matangazo, na wasafiri walibandika hapo vikaratasi vya kutafuta wenzao wa njiani. Tony na Maureen Wheeler, mume na mke, walipita njia hiyo mwaka 1972. Waliondoka London na gari kuukuu walilolinunua kwa mtu, wakaliuza Afghanistan, wakasonga mbele kwa walichopata, na wakafika Sydney wakiwa na senti 27 mfukoni. Mwaka uliofuata wakatoa kijitabu cha kuwaeleza wenzao jinsi walivyopita, na kijitabu hicho ndicho kilichoanzisha Lonely Planet. Gari la mtumba limezaa kampuni ya vitabu vya safari, na vitabu hivyo leo navyo vimejaa kwenye malundo ya mtumba! Dunia hii haitupi kitu.

Ninachokipenda zaidi ni barabara yenyewe. Kwenye atlasi imechorwa kwa wekundu mnene kutoka Herat hadi Kandahar, ikapinda kwenda Kabul. Mnajua nani aliijenga? Kipande cha Herat hadi Kandahar kilijengwa na Wasovieti, kwa zege. Kipande cha Kandahar hadi Kabul kilijengwa na Wamarekani, kwa lami, kikakamilika mwaka 1966. Mahasimu wawili wa dunia nzima, kila mmoja akishindana kuipendeza Afghanistan, waliungana mkono jangwani bila kukusudia, na mtu wangu wa penseli angepita juu ya ugomvi wao akiwa amesinzia dirishani.

Kisha ukaja mwaka 1979. Mwanzoni mwa mwaka, mapinduzi Iran. Desemba, majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan. Njia ikakatika. Kwa hiyo penseli ilishuka kwenye karatasi kati ya 1968 na 1979, ama sivyo mwenyewe alikuwa mkaidi kwelikweli.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimeketi tu. Sikuwa nimefunga begi. Lakini niambieni, huyo anayejua nani alimwaga zege la Herat, bado ni mtu aliyeacha kusafiri?

Nije kwenye jambo jingine, na hili ni zito kidogo. Watu huniambia: atlasi ya zamani ya nini, si imepitwa na wakati? Nami nawajibu: hapo hasa ndipo inaponishika.

Panda kaskazini kidogo kutoka kwenye mstari wa penseli. Kwenye atlasi yangu kuna doa kubwa la buluu, Bahari ya Aral. Mwaka 1960 lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, kilomita za mraba zipatazo 68,000, sawasawa na Ziwa Viktoria kwa makadirio ya karibu. Kusini mwake, upande wa Uzbekistan, pamechorwa nanga ndogo kando ya jina Moynaq. Bandari. Meli za uvuvi, viwanda vya samaki. Halafu serikali ya Kisovieti iliendelea kuzichepusha Amu Darya na Syr Darya, mito miwili inayolilisha ziwa hilo, ili kumwagilia pamba. Ziwa likaanza kurudi nyuma. Likarudi, likarudi, likarudi, mpaka Moynaq ikabaki zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye maji. Leo meli zimelala juu ya mchanga zikiota kutu. Upande wa kaskazini, Kazakhstan ilijenga bwawa lililokamilika mwaka 2005, na kipande cha huko kimepata nafuu, maji yamepanda na samaki wamerudi. Upande wa Moynaq haukupata bahati hiyo.

Atlasi yangu inasema Moynaq ni bandari. Inasema kweli ya siku yake. Ramani ya leo inasema Moynaq ni mji wa jangwani, na huo nao ni ukweli. Nikiziweka zote mbili mezani, kati yake kuna kitu ambacho hakuna karatasi inayonionyesha: gati lililobaki bila bahari linafananaje? Wazee waliokuwa mabaharia wanaamkia nini asubuhi? Ramani mpya peke yake isingenifanya niulize. Ingesema "jangwa", nami ningepita.

Ziko alama nyingine za namna hiyo. Magharibi mwa Kabul kuna kitone na jina Bamiyan. Mtu wangu wa penseli, kama alifika, alikuta sanamu mbili za Buddha zimechongwa ndani ya jabali, kubwa ikiwa na urefu wa takriban mita 55, na angeweza kupanda ngazi zilizochimbwa ndani ya mwamba mpaka juu ya kichwa chake. Machi 2001 Taliban walizilipua. Yamebaki mashubaka mawili matupu. Mwingine akifika leo, atatazama nafasi ya kitu badala ya kitu.

Si kila alama ni ya msiba, msinifanye mtu wa kilio. Mashariki mwa Uturuki, atlasi inaonyesha reli ikifika Tatvan, ukingoni mwa Ziwa Van, ikaishia hapo kana kwamba fundi alienda kula akasahau kurudi. Reli ya kuunganisha Uturuki na Iran ilikuja kukamilika mwaka 1971, na wahandisi hawakulizunguka ziwa. Mabehewa huingizwa kwenye pantoni, yakavushwa maji mpaka Van, yakatolewa upande wa pili na kuendelea na safari. Treni inayopanda pantoni, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari! Hilo nalo nisingelijua kama reli isingekatika kwenye karatasi.

Nimesema maneno mengi ya kuisifia hamu. Acha niseme moja la kuizuia. Huko Seville, Uhispania, kuna maktaba yenye nakala ya kitabu cha Marco Polo iliyokuwa mali ya Christopher Columbus. Kandokando mwa kurasa ameandika maelezo kwa mkono wake, na palipotajwa dhahabu, lulu au viungo, hapo ndipo kalamu yake ilipokuwa na kazi. Yaliyowapata watu aliowafikia tunayajua. Kwa hiyo kitabu kikuukuu na penseli ukingoni havimfanyi mtu kuwa mwema. Tazama anachokipigia mstari. Yule wa kwangu alipigia mstari theluji, na pale asipoelewa aliweka alama ya kuuliza. Huyo nakubali kutumwa naye.

Sasa kuna mtu humu ndani anayesema moyoni mwake: hayo ni mambo ya wengine. Wao ndio wa kuzunguka na mabegi, sisi tuna safari za lazima tu, za kazi, za msiba, za matibabu. Huyo naomba nimtambulishe kwa Selim bin Abakari. Ni mtu wa Komoro. Mwaka 1896 alifuatana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia, akayaandika aliyoyaona. Aliyaandika kwa Kiswahili. Yakachapishwa Ujerumani mwaka 1901, katika mkusanyiko wa Carl Velten wa safari za Waswahili. Hebu fikirini. Kabla hata reli ya kuvuka Siberia haijakamilika, baridi ya Siberia ilikuwa imeshaandikwa kwa lugha hii tunayozungumza jioni hii. Ni kweli alikwenda kama mtumishi, si kama mwenye safari, na ukisoma usilisahau hilo. Lakini macho yaliyotazama yalikuwa yake, na kalamu ilikuwa yake. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutazama nchi za watu kwa raha ya kutazama ni vazi la kuazima.

Najua mtaniuliza, wewe unayesema sana, umeshakwenda?

Bado. Ila sasa nina tarehe, na hilo ni jambo ambalo sikuwa nalo. Nukta za Afghanistan nimeziacha zibaki nukta. Hali ya huko naifuata kwenye habari kama ninyi, na sitapeleka hamu yangu ikawe mzigo kwa watu wenye mizigo yao. Nimechukua kipande cha kwanza cha mstari, kilicho mzima: Istanbul, Ankara, Sivas, Erzurum. Kuna treni inayotoka Ankara kwenda Kars kwa kupitia Sivas na Erzurum, safari ya takriban kilomita 1,300 inayochukua siku nzima na zaidi. Erzurum iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na majira yake ya baridi yana sifa mbaya. Watu wenye akili hushauri kwenda kiangazi. Mimi nitakwenda Januari, kwa sababu ile chembe ya theluji ya penseli imenituma Januari.

Na hapa niwaonye wale ambao kesho wataamka na kwenda kuchimbua malundo. Kitabu kikuukuu kinakutuma, lakini hakikufikishi. Usikiulize habari za viza. Usikiulize kuhusu mipaka, nauli, saa za mabasi, wala jina la hoteli. Kwa hayo fungua simu yako, waulize ubalozi, soma mwongozo wa mwaka huu. Sina ugomvi na simu. Ramani yake inajua hata foleni ya dakika hii. Tofauti ni kwamba kwenye simu mimi ndiye nukta ya buluu iliyo katikati, na dunia yote inanizunguka. Kwenye atlasi hii simo kabisa. Nikitaka kuwamo, sina budi kuondoka nyumbani. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, wakimaanisha aonywe. Nami nimeamua yangu iliwe kidogo.

Jambo dogo la mwisho, na ni la ufundi. Msifute maandishi ya mwenyewe wa kwanza. Nimemwona mtu akifuta kwa raba kitabu alichokinunua ili "kiwe safi", nikatamani kumshika mkono. Wala msibandike selotepu kwenye kurasa zilizochanika. Gundi yake hugeuka kahawia na kuila karatasi. Ukitaka kuongeza lako, tumia penseli, tena ya rangi nyingine, ili wa tatu atakayekipata ajue nani alipita wapi.

Atlasi iko hapa mezani, mje muishike kwa mikono mikavu. Mkutano ujao kila mwenye ramani kuukuu nyumbani aje nayo, na mwenye ramani iliyoandikwa Rhodesia ndani yake asitutajie mwaka. Aache tubishane.

Ahsanteni sana. Nadhani kuna maswali; yule mzee wa kofia alinyoosha mkono tangu niliposema Swaziland.